Mfalme anayeacha askari wake waliwe: ngwe ya mwisho ya Capablanca na Tartakower, New York 1924

Panga ubao wa sataranji (chess) hivi; herufi ni safu wima kuanzia kushoto kwa mweupe, namba ni mstari mlalo kuanzia upande wake. Upande mweupe: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4 na g5. Upande mweusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5 na f5. Zamu ni ya mweupe. Ngome kwa ngome, askari watano kwa watano. Ngome nyeusi inamkodolea macho askari wa c3, ambaye hana mlinzi. Tena ikimla itamla kwa cheki (yaani ikimshambulia mfalme), kwa kuwa mfalme mweupe amesimama kwenye mstari uleule wa tatu.

Kabla hujaendelea, amua wewe ungecheza nini. Usiguse kompyuta. Chukua kalamu uandike hatua moja tu na sababu yake.

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kurudisha ngome h3 kwa nia ya kumlinda askari, watu wakisahau kwamba mfalme wa f3 anaiziba njia. Ni jibu la mtu mwenye nidhamu: askari anatishiwa, analindwa, maisha yanaendelea. Kwenye ufunguzi wa mchezo jibu la namna hiyo lingeweza kupita. Hapa ni kosa kubwa, na kulielewa kwa nini ni kosa kunafundisha ngwe ya mwisho (sehemu ya mchezo kete zikibaki chache) kuliko kukariri nafasi ishirini za vitabuni. Ndiyo maana uchambuzi huu unahusu nafasi hii moja tu.

Mchezo wenyewe ulichezwa New York mwaka 1924, raundi ya sita ya mashindano yaliyokusanya wachezaji 11, kila mmoja akicheza na mwenzake mara mbili. José Raúl Capablanca wa Kuba alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921. Raundi iliyotangulia alikuwa amefungwa na Richard Réti, na watu walikuwa wamesahau mara ya mwisho bingwa huyo kupoteza mchezo; ilikuwa 1916. Savielly Tartakower, aliyekaa upande mweusi, alikuwa mwandishi wa habari na mtu wa mizaha. Katika mashindano hayohayo alitembelea bustani ya wanyama, akarudi na kufungua mchezo kwa askari wa b hadi b4 kwa heshima ya orangutani aliyemwona huko, na ufunguzi huo mpaka leo unaitwa kwa jina la mnyama huyo. Kuna pia ule usemi maarufu kwamba ngwe za mwisho za ngome zote huisha kwa sare. Wengine humpa Siegbert Tarrasch, wengine humpa Tartakower mwenyewe. Kama ni wa Tartakower, basi alikuwa na haki ya kuusema kwa uchungu.

Sehemu ya kwanza ya mchezo tuipitie haraka. Tartakower alicheza ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kiholanzi, malkia zikabadilishwa hatua ya 25, na Capablanca akafungua safu ya h kwa kumsukuma askari wake hadi h5 na kubadilishana askari kwenye g6. Hatua ya 29 ngome yake ikaingia h1, hatua ya 30 ikatua h7. Zilibaki ngome, askofu mweupe na farasi mweusi. Tartakower akamzungusha farasi wake hadi f5, mahali pazuri kabisa pa farasi, na hapo Capablanca akamla kwa askofu bila kusita. Askari mweusi wa g6 akalazimika kula f5. Ndipo tukafika kwenye ubao uliopanga hapo juu.

Tusimame kidogo kwenye mabadilishano hayo ya hatua ya 34. Askofu wa Capablanca hakuwa mbaya. Lakini baada ya askari wa g6 kuhamia f5, askari mweupe wa g5 amekuwa huru: mbele yake hakuna askari adui, na kwenye safu za jirani hakuna wa kumzuia. Capablanca hakuuliza ni kete gani ina thamani zaidi. Aliuliza ni kete zipi zitabaki ubaoni na zitakuwa zinafanya kazi gani. Hesabu ya pointi, askofu tatu na farasi tatu, haikumsaidia mtu hapa.

Sasa turudi kwenye swali la zamu. Zitazame kete moja moja, ukiiuliza kila moja inafanya nini sasa hivi.

Ngome nyeupe h7 imekaa mstari wa saba. Mfalme mweusi amebanwa mstari wa nane, hawezi kushuka. Ngome hiyohiyo inamtazama askari wa c7 kwa mstari mlalo, na njia iko wazi. Askari wa g5 ana hatua tatu tu kabla ya kuwa malkia. Kwa upande mwingine, ngome nyeusi inafanya kazi mbili: inatisha c3 na inalinda c7. Mfalme mweusi hafanyi chochote. Imebaki kete moja ambayo bado haijaajiriwa, nayo ni mfalme mweupe.

Ukirudisha ngome h3 unaiondoa kete yako bora kazini ili ilinde kete yako dhaifu. Mfalme mweusi anapumua, anatoka, na askari wako wa g5 anakuwa mzigo badala ya silaha. Ngome ikishakuwa mlinzi wa askari mmoja, imegeuka kuwa askari yenyewe.

Hatua ya 35, Capablanca alicheza mfalme g3. Alimwacha askari wa c3.

Tartakower akamla kwa cheki. Mfalme akapanda h4. Ngome nyeusi ikaenda f3, ikimnyemelea askari wa f4. Tazama kilichotokea: ngome imeondoka safu ya c, hivyo askari wa c7 sasa ni bure kwa ngome nyeupe. Mchezaji wa kawaida angekimbilia kumla ili kusawazisha hesabu. Capablanca hakumla. Alimsukuma askari hadi g6. Ngome nyeusi ikala f4 kwa cheki, na mfalme akasogea g5.

Hesabu sasa: mweupe ana askari watatu, a4, d4 na g6. Mweusi ana watano. Kwa macho ya anayepita nyuma ya kiti, bingwa wa dunia yuko nyuma kwa askari wawili. Kwa kweli ameshashinda, na ukitaka kuamini, jaribu kumtafutia Tartakower hatua nzuri. Akila d4 kwa ngome, mfalme mweupe anaingia f6 na kutisha mati (cheki isiyo na pa kukimbilia, mwisho wa mchezo) kwa ngome h8. Mfalme mweusi akikimbilia g8, ngome nyeupe inakwenda d7, inatisha mati d8, na hakuna kete nyeusi ya kuzuia. Ngome nyeusi imekwama nyuma ya askari wake mwenyewe wa d5 na haiwezi kulinda d8. Hata ikihamia e4 ili iingie e8, inaliwa hapohapo na ni mati. Mfalme akijaribu kutoroka upande wa pili kupitia e8, ngome inatoa cheki h8, anasogea d7, kisha askari anafika g7 na ngome nyeusi italazimika kujitoa mhanga ili asiwe malkia.

Tartakower alicheza ngome e4. Na hapa ndipo ilipo hatua ambayo kwa maoni yangu inafundisha kuliko ile ya 35 inayosifiwa kila mahali.

Mfalme mweupe yuko g5. Askari mweusi wa f5 yuko pembeni yake kabisa, hana mlinzi, analiwa bure. Mweupe yuko nyuma kwa askari wawili. Mkono wa kila mchezaji ninayemfahamu unawasha. Capablanca akampita na kuingia f6.

Kwa nini? Fikiria mfalme akiwa f6 na askari mweusi bado yuko f5. Ngome nyeusi inataka kutoa cheki kutoka nyuma, kupitia safu ya f. Haiwezi, kwa sababu askari wake mwenyewe amesimama katikati ya safu. Ikijileta e6, inaliwa na mfalme. Kutoka mbali upande wa kushoto, kwenye mstari wa sita, askari wa b6 anaziba njia ya kutoka a6. Adui amemshikia mfalme mweupe mwavuli. Ukimla askari huyo, umeukunja mwavuli kwa mkono wako, na ngome nyeusi itaanza kugonga cheki kutoka nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka kishindo chote kiishe.

Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba ujuzi wa ngwe ya mwisho si wingi wa nafasi ulizokariri. Hakuna nafasi ya kitabuni inayosema "usile f5". Kuna swali tu: mfalme wangu akifika pale, cheki zitatoka wapi? Mtu aliyezoea kujiuliza swali hilo atamwona askari wa f5 kama ukuta. Asiyejiuliza atamwona kama chakula.

Mfalme akiwa f6, kuna tishio la mati h8. Tartakower akaenda mfalme g8, ngome nyeupe ikatoa cheki g7, mfalme akaingia pembeni h8, na sasa, akiwa na nafasi yote ya dunia, Capablanca akala c7. Ukila mapema unampa adui muda. Hapa kula kwenyewe kunabeba tishio: ngome c8 na mati. Ngome nyeusi ikalazimika kurudi e8, ikajifunga mstari wa nyuma, haitoi tena cheki yoyote.

Hapo ndipo mfalme mweupe aliporudi na kumla f5. Askari yuleyule aliyemkwepa hatua tatu nyuma. Sasa mwavuli hauhitajiki, kwa sababu mvua imekatika. Linganisha hatua ya 39 na ya 42. Askari ni yuleyule, mraba ni uleule, mfalme ni yuleyule. Kilichobadilika ni ngome nyeusi ilipo. Mwalimu akinipa dakika kumi tu za kufundisha ngwe ya mwisho kwa darasa la watu waliokwisha kujua sheria, nitatumia zote kumi kwenye ulinganisho huo.

Kilichobaki ni kuvuna, lakini uvunaji nao una chozi lake. Ngome nyeusi ikatoka tena e4, mfalme akarudi f6 na tishio lilelile, ngome ikatoa cheki f4, mfalme akaenda e5 akiitisha ngome, na ngome ikakimbilia g4 ili imle askari wa g6. Wengi wangemlinda. Capablanca akamsukuma hadi g7 kwa cheki, akamweka pale ambapo ngome yake c7 inamlinda kwa mstari wa saba. Tartakower angeweza kumla kwa ngome. Ngome zingebadilishwa kwenye g7, mfalme mweupe angekula d5, na zingebaki wafalme na askari: mweupe d5 pamoja na a4 na d4, mweusi g7 pamoja na a7 na b6. Mfalme mweupe yuko katikati, mweusi yuko mbali upande wa pili wa ubao. Imekwisha.

Ili ucheze hatua hiyo ya 45 kwa utulivu lazima uwe unajua ngwe za mwisho za wafalme na askari, maana unampa adui ruhusa ya kuchagua kuingia humo. Capablanca alikuwa na msimamo kwamba mchezaji aanze kujifunza kutoka mwisho wa mchezo, akiwa na kete chache, na kitabu chake cha 1921 kimeanza hivyo, kwa mati rahisi. Nilikuwa nikiuona ushauri huo kama wa kizamani. Ukiutazama kupitia hatua hii, unaeleweka: mwenye kujua kwamba mfalme akiwa mstari wa sita mbele ya askari wake, mbali na safu za pembeni, anashinda bila kujali zamu ni ya nani, ana njia moja zaidi ya kushinda kila anapocheza ngwe ya ngome. Asiyejua lazima aogope kila mabadilishano.

Tartakower akakataa kubadilishana, akasogeza mfalme g8. Ngome nyeupe ikala a7, mfalme akala d5, kisha askari wa d akaanza safari. Hatua ya 52 askari huyo alipofika d6, Tartakower akajiuzulu. Mweupe alimaliza akiwa na askari wawili dhidi ya mmoja.

Sasa, kuifanyia mazoezi. Kusoma uchambuzi huu ukitingisha kichwa hakutakupa kitu. Nafasi hii inapaswa kuchezwa, na ichezwe kutoka pande zote mbili.

Anza na rafiki, saa ikiwa ubaoni, dakika kumi na tano kila mmoja. Cheza mweupe, kisha geuzeni. Ukiwa mweusi utajifunza jambo ambalo mweupe hakuonyeshi: jinsi inavyoumiza kuwa na askari wengi na ngome isiyo na mahali pa kwenda. Usianze na kompyuta. Programu ya sataranji kama Stockfish itakuadhibu vizuri sana, lakini haisemi kwa nini, na mchezaji anayeanza kujifunza akiadhibiwa bila kuelezwa huishia kukariri. Kompyuta iingie baadaye, mkishabishana na kuandika mlichofikiri.

Kisha ibadilishe nafasi. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiruka, na kuiruka ni hasara. Ondoa askari mweusi wa f5 ubaoni mwanzoni kabisa, ujaribu tena mpango uleule wa mfalme g3, h4, g5. Tazama ngome nyeusi inavyopata safu ya f. Mpango ambao ulikuwa wa ushindi unahitaji kufikiriwa upya kutoka mwanzo, na hapo ndipo utakapogundua kama ulielewa mwavuli au ulikariri tu hatua. Jaribio lingine: mpe mweusi mfalme e8 badala ya f8, uone tishio la h8 linabaki na nguvu kiasi gani.

Zoezi la tatu linahusu hatua ambayo Tartakower hakuicheza. Baada ya mfalme h4, badala ya ngome f3, mweusi acheze ngome c1, akilenga cheki ya h1 na kubadilishana ngome. Wengi wataogopa na kurudi nyuma. Jaribu mfalme h5. Cheki h1, mfalme g6, ngome nyeusi inakula h7, mfalme anakula h7, na zinabaki wafalme na askari. Mweusi anamsukuma askari wake wa c kwa pupa, mweupe anamsukuma wa g. Hesabu mwenyewe, kidole kisiguse kete, nani anafika kwanza na nani anapata malkia kwa cheki. Ukishindwa kuhesabu hadi mwisho, hujawa tayari kucheza hatua ya 36, hata kama unajua kuwa ndiyo sahihi.

Kuhusu jedwali za kompyuta zinazotoa hukumu kamili: za siku hizi zinajibu nafasi zenye kete zisizozidi 7, wafalme wakihesabiwa, na unaweza kuzitumia bure kwenye tovuti ya sataranji ya Lichess. Nafasi yetu ya kuanzia ina kete 14. Mchezo huu unaingia ndani ya uwezo wa jedwali mwishoni kabisa, hatua ya 51, ngome nyeusi ilipokula a4. Yaani karibu mchezo wote ambao umekuwa unauchambua upo katika eneo ambalo hakuna jibu tayari la kusoma.

Lakini ile nafasi ya mwisho unaweza kuihakiki, na inafaa. Mweupe: mfalme c6, ngome c7, askari d6 na g7. Mweusi: mfalme g8, ngome a4, askari b6. Zamu ni ya mweusi. Mchezeshe mweusi ngome d4, kisha umsukume askari wako wa d hadi d7. Hapo utaona kwamba umeziba njia ya ngome yako mwenyewe, na askari wa g7 hana tena mlinzi. Mfalme mweusi anaweza kumla. Akimla, askari wa d anaingia d8 na kuwa malkia, njia ya mstari wa saba inafunguka, na ngome ya c7 inatoa cheki iliyokuwa imefichwa. Ngome nyeusi inamtazama malkia mpya kwenye safu ileile lakini hairuhusiwi kumla, kwa sababu mfalme wake yuko hatarini.